Kamusi Ipi kwa Neno Lipi: Johnson, Webster, Oxford na Michigan katika Kutafuta Maana za Kale za Maneno ya Kiingereza

Msomaji wa Kiswahili anayekabiliana na maandishi ya zamani ya Kiingereza, awe mfasiri, mwalimu wa fasihi, mwanasheria au mhubiri, kwa kawaida hakwamishwi na maneno magumu. Neno gumu hujitangaza lenyewe: halifahamiki, kwa hiyo msomaji hufungua kamusi na kusaidika. Linalomwangusha ni neno jepesi, lile alilolijua tangu shule ya msingi, ambalo limebaki na sura ileile kwa miaka mia nne huku maana yake imekwisha kuhama. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Portia anauona mwanga wa mshumaa kwa mbali na kuufananisha na tendo jema linalong'aa katika "a naughty world". Mwanafunzi wa leo anajua kwamba "naughty" ni mtoto mtundu. Akiishikilia maana hiyo, ulimwengu wa Portia unageuka kuwa ulimwengu wa utundu, na sentensi nzima inapoteza uzito wake, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 16 neno hilo lilibeba maana ya uovu wa kweli, usio na chembe ya mzaha.

Hali hii si ngeni kwetu. Anayesoma utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 na kudhani kwamba "Mwana" katika jina la mtunzi ni mtoto, amepotea kwa njia ileile, maana katika Kiswahili cha Lamu na Pate neno hilo ni la heshima kwa mwanamke muungwana. Neno analijua, ila analijua la leo.

Zipo kamusi nyingi zinazodai kumwokoa msomaji wa namna hiyo, na karibu zote sasa zinapatikana kwenye intaneti, hivyo tatizo limekuwa ni kuchagua. Wengi huchagua kwa ukubwa au kwa umaarufu. Mimi, baada ya miaka kadhaa ya kufasiri nyaraka za zamani, nimefikia uamuzi kwamba kipimo cha kwanza ni tarehe ya andiko, na cha pili ni kujua kama kamusi uliyoishika ni shahidi au ni mwanahistoria. Kamusi iliyo shahidi iliandikwa na mtu aliyeishi karibu na zama za andiko, naye anaeleza jinsi maneno yalivyosikika masikioni mwake. Kamusi iliyo mwanahistoria iliandikwa baadaye sana na watu ambao hawakuwapo, lakini walikusanya ushahidi wa karne nyingi na kuupanga kwa tarehe. Kila moja inajua jambo ambalo nyingine hailijui.

Kale ipi?

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kuondoa utata mmoja ambao huwapotezea watu muda mwingi. Katika mazungumzo ya kawaida tunaita "Kiingereza cha kale" lugha ya Shakespeare na ya Biblia ya King James ya mwaka 1611. Wanaisimu hawaiiti hivyo. Kwao, Kiingereza cha Kale ni lugha iliyoandikwa kabla ya mwaka 1150 hivi, ambayo Mwingereza wa leo hawezi kuisoma bila kufundishwa, kama vile ambavyo hawezi kusoma Kijerumani. Kinafuata Kiingereza cha Kati hadi mwaka 1500 hivi, lugha ya mshairi Chaucer, na baada yake kinakuja Kiingereza cha mwanzo wa zama za sasa, ambacho ndicho cha Shakespeare na King James. Kwa hiyo mtu anayetafuta neno la Biblia ya 1611 katika kamusi ya Kiingereza cha Kale amekwenda mbali mno, amelipita neno lake kwa miaka mia tano.

Johnson na Oxford

Ulinganisho wenye manufaa zaidi ni kati ya kamusi ya Samuel Johnson na kamusi kubwa ya Oxford, kwa kuwa ndizo mifano iliyo bora ya shahidi na ya mwanahistoria.

Johnson aliingia mkataba na wauza vitabu wa London mwaka 1746, akafanya kazi katika chumba cha darini cha nyumba yake ya Gough Square akisaidiwa na wanakili sita, na kamusi yake ikatoka tarehe 15 Aprili 1755 katika juzuu mbili kubwa zenye vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, zaidi ya 42,000 na nukuu zinazokaribia 114,000. Utaratibu wake ulikuwa wa kusoma vitabu, kupigia mstari sentensi zinazoonyesha vizuri matumizi ya neno, na kuwapa wanakili wazinakili. Vitabu alivyovichagua ni vya kuanzia zama za Sir Philip Sidney, aliyefariki mwaka 1586, hadi karibu na zama zake mwenyewe. Hapo ndipo palipo nguvu ya kamusi hii kwa msomaji wetu: Johnson aliishi katika karne ya 18, lakini ushahidi wake ulitoka kwa Shakespeare, Milton, Dryden na Biblia ya 1611. Aliwasikia watu wa mwaka 1755 kwa masikio yake na kuwasoma watu wa mwaka 1600 kwa macho yake, na mara nyingi anakuambia pale ambapo masikio na macho vilimpa habari tofauti.

Neno "naughty" ni mfano mzuri. Johnson anatoa kwanza maana ya ubaya, uovu na upotovu, kisha anaongeza kwamba siku hizi, yaani siku zake, neno hilo halitumiki sana ila kwa kukaripia kwa namna ya kuchekesha. Katika mistari miwili mfasiri amepata mambo mawili: maana aliyoikusudia Portia, na taarifa kwamba kufikia katikati ya karne ya 18 maana hiyo ilikuwa inazimika. Fundi viatu anayeitwa "thou naughty knave" katika onyesho la kwanza la tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, hakuambiwa kuwa ni mtundu. Aliambiwa kuwa ni mwovu asiye na thamani.

Tazama pia "prevent". Katika Biblia ya 1611, Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike 4:15 unasema kwamba walio hai "shall not prevent" waliolala. Msomaji wa leo anaona kuzuia, anashangaa walio hai wangewazuiaje wafu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "hatutawatangulia", na ndiyo maana yenyewe, kwa sababu neno hilo limetoka katika Kilatini kwa maana ya kuja mbele ya mwingine. Johnson anaziorodhesha maana za kutangulia, kisha anafika kwenye maana ya kuzuia na kuandika kwamba hiyo sasa ndiyo karibu maana pekee iliyobaki. Sijui kamusi nyingine inayompa msomaji ushuhuda wa namna hiyo kwa maneno machache kiasi hicho.

Oxford ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Wazo lilitolewa katika Jumuiya ya Filolojia ya London mwaka 1857, kazi ikamfikia James Murray kuwa mhariri mwaka 1879, na makisio yalikuwa kwamba ingechukua miaka kumi. Baada ya miaka mitano, mwaka 1884, sehemu ya kwanza ilichapishwa, nayo ilikuwa imefika kwenye neno "ant" tu. Murray alifariki mwaka 1915 kazi ikiendelea. Ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno na mafungu ya maneno 414,825 pamoja na nukuu zipatazo milioni 1.8, ambazo nyingi zilitumwa kwa posta na wasomaji wa kujitolea, nukuu moja katika kipande kimoja cha karatasi. Kwa kila neno, maana hupangwa kuanzia ya zamani zaidi, na kila maana hufuatwa na nukuu zenye mwaka, hivi kwamba unaiona inazaliwa, inaishi na, mara nyingine, inakufa. Maana iliyokufa huwekewa alama ndogo ya msalaba mwanzoni.

Mpangilio huo ndio unaomfaa msomaji pale ambapo Johnson anafika mwisho wa uwezo wake. Chukua "let". Katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike 2:7, Biblia ya 1611 ina maneno "he who now letteth will let", na Hamlet anatishia kumfanya mzimu yeyote "that lets me". Katika sehemu zote mbili neno hilo ni kuzuia, kinyume kabisa cha kuruhusu. Inakuwaje neno moja liwe na maana mbili zinazopingana? Jibu la Oxford ni kwamba hayakuwa neno moja. Yalikuwa vitenzi viwili vya Kiingereza cha Kale, kimoja cha kuruhusu au kuacha na kingine cha kuchelewesha au kuzuia, ambavyo sauti zake zilisogea hadi zikafanana, na kimoja kikasukumwa nje na mwenzake. Masalio yake yamo katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na katika mchezo wa tenisi, ambapo mpira wa kuanzia ukigusa wavu huitwa hivyo. Oxford ina kidahizo kwa kila kimoja, chenye asili yake na safari yake.

Sasa upungufu. Johnson hakuweka tarehe kwenye nukuu zake. Anaandika jina la mwandishi, mara nyingi bila kutaja kitabu wala ukurasa, na yeye mwenyewe alikiri katika dibaji kwamba alizikata nukuu ili zienee. Kwa hiyo nukuu ya Johnson ni ya kukuelekeza, si ya kunakili katika tasnifu. Aliweka pia maoni yake ndani ya fasili, kama pale alipoeleza kwamba shayiri ya oti huko Uingereza hupewa farasi lakini huko Scotland huwalisha watu, na zipo sehemu alizokosea waziwazi, kama alipoiita sehemu ya chini ya mguu wa farasi goti lake. Mwanamke mmoja alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ni ujinga tu. Msomaji anayeutumia ushuhuda wake hana budi kukumbuka kwamba shahidi huyu ana tabia yake. Anayetumia nakala ya chapa ya zamani ajue pia kwamba I na J zimechanganywa katika mfuatano mmoja, U na V vilevile, na kwamba herufi s ndefu hufanana sana na f.

Upungufu wa Oxford ni wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ni wa hatari zaidi kwa sababu hauonekani. Nukuu ya kwanza inayotolewa si siku ya kuzaliwa kwa neno. Ni andiko la mapema zaidi ambalo wakusanyaji walilipata, na utafiti wa baadaye umesogeza tarehe nyingi nyuma. Wasomaji wa kwanza walimsoma Shakespeare kwa makini kuliko walivyosoma barua na nyaraka za watu wasio na jina, hivyo amepewa sifa ya kuanzisha maneno ambayo huenda aliyasikia sokoni. Isitoshe, toleo la intaneti lililoanza mwaka 2000 limechanganya vidahizo vilivyohaririwa upya na vingine ambavyo bado ni vya miaka ya Murray, na fasili mbili zilizo jirani zinaweza kutenganishwa na miaka mia moja ya elimu. Kila kidahizo hueleza kilihaririwa lini. Someni sehemu hiyo kabla ya kuamini chochote.

Kwa andiko la kati ya mwaka 1580 na 1760, basi, mimi huanza na Johnson na kuthibitisha kwa Oxford. Kwa andiko la nje ya miaka hiyo, mbele au nyuma, Oxford ndiyo ya kwanza.

Webster na kosa linalorudiwa mno

Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 70, katika juzuu mbili zenye maneno yapatayo 70,000. Ni kazi ya heshima. Fasili zake ni wazi na sahihi kuliko za Johnson katika mambo mengi, hasa ya sheria, kilimo na sayansi, na kwa lugha ya Marekani ya mwanzo wa karne ya 19 hakuna shahidi bora. Majaji wa Marekani wanapobishana juu ya maana ya maneno ya Katiba yao humwita mara kwa mara: katika shauri la District of Columbia dhidi ya Heller la mwaka 2008, lililohusu haki ya kumiliki silaha, uamuzi wa Mahakama ya Juu uliwanukuu Johnson, katika toleo lake la 1773, na Webster pia.

Hata hivyo, miongoni mwa wasomaji wa Biblia, pamoja na wengi wa huku kwetu wanaohubiri kwa kutumia King James, imeenea imani kwamba Webster wa 1828 ndiye ufunguo wa Biblia ya 1611. Imani hiyo siikubali, na sababu ni ya hesabu tu: kati ya vitabu hivyo viwili ipo miaka 217. Webster hakuwa shahidi wa lugha ya 1611, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wafuasi wake, kwa kuwa mwaka 1833 alichapisha Biblia ya Kiingereza aliyoirekebisha, akiondoa maneno ambayo aliona yamechakaa au yamebadilika maana, yakiwemo "prevent" na "let" kwa maana zake za zamani. Mtu aliyeona haja ya kuyabadilisha maneno hayo hawezi kufanywa ushahidi kwamba yalikuwa hayajabadilika.

Etimolojia zake, yaani maelezo yake ya asili za maneno, nazo ziachwe kabisa. Webster aliamini kwamba lugha zote zilitokana na Kikaldayo cha kale, akaunganisha maneno kwa kufanana kwa sauti, na hakufuata kazi ya wanafilolojia wa Ujerumani ambao katika miaka hiyohiyo walikuwa wanaweka misingi ya elimu ya asili za lugha. Baada ya kifo chake mwaka 1843, wachapishaji walimwajiri msomi wa Kijerumani, C. A. F. Mahn, aziandike upya etimolojia hizo, na toleo la 1864 likatoka bila za Webster. Nakala inayosambazwa bure kwenye intaneti ni ile ya 1828, yenye makosa yote.

Nyuma ya mwaka 1500: Michigan na Bosworth

Kwa Chaucer na zama zake, kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan haina mshindani. Ilichapishwa kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2001, ikafikia kurasa karibu 15,000, na inashughulikia kipindi cha kuanzia mwaka 1100 hadi 1500. Katika kipindi hicho ina nukuu nyingi na za kina kuliko Oxford, nayo imewekwa bure kwenye intaneti. Ugumu wake ni tahajia. Waandishi wa karne ya 14 waliandika neno moja kwa namna nyingi, na kidahizo kinaweza kuwa kimeandikwa kwa namna ambayo wewe hukuifikiria. Njia nzuri ni kutafuta kwa kutumia tahajia ileile iliyo katika andiko lako, kwa kuwa programu ya kamusi hiyo huzitambua tahajia nyingi.

Faida yake inaonekana katika neno kama "girl". Chaucer, katika utangulizi wa hadithi zake za Canterbury, anasema kwamba tarishi wa mahakama ya kanisa aliwatia mkononi mwake "the yonge girles" wa dayosisi. Mfasiri asiyetahadhari ataandika wasichana, na mhusika huyo mbaya atazidishiwa ubaya ambao Chaucer hakuutaja hapo. Kamusi ya Michigan inaonyesha kwamba neno hilo wakati ule lilimtaja kijana au mtoto wa jinsia yoyote. Neno letu "vijana" linakaa mahali pake bila shida yoyote, jambo ambalo Mwingereza wa leo hawezi kulisema kwa neno lake mwenyewe.

Kwa yaliyotangulia mwaka 1100, kamusi ya Joseph Bosworth iliyokamilishwa na T. Northcote Toller mwaka 1898, na kuongezewa juzuu ya nyongeza mwaka 1921, ndiyo inayopatikana bure na kwa ukamilifu. Oxford haikusudii kuyakusanya maneno yaliyokufa kabla ya mwaka 1150, kwa hiyo kwa maneno hayo haitakusaidia. Lakini Bosworth na Toller wanadhani kwamba msomaji wao ana sarufi ya lugha hiyo mkononi, na asiyejua herufi kama þ na ð au minyambuliko ya vitenzi ataranda bila kufika. Kwa mfasiri wa kawaida, kamusi hii ni ya kutazama mzizi, basi.

Neno moja mbele ya kamusi zote

Nimeona wasomaji wengi wanaelewa tofauti hizi upesi zaidi wanapolipeleka neno moja kwa kila shahidi. Nachagua "silly". Bosworth na Toller wanalo kwa umbo la "sǽlig", na maana yake ni mwenye heri, mwenye baraka, mwenye furaha. Michigan inalionyesha likianza na heri hiyohiyo, kisha likisogea kwenye usafi wa moyo na kutokuwa na hatia, halafu kwa mtu wa kuhurumiwa, mnyonge asiye na wa kumtetea. Johnson, mwaka 1755, anaanza na asiye na madhara, asiye na hila, anafuatisha dhaifu, ndipo anamalizia na mpumbavu. Oxford inazipanga hatua zote hizo kwa tarehe, na inamwezesha msomaji kuona kwamba mtu asiye na hila, akionewa huruma kwa muda mrefu, huishia kudhaniwa kuwa hana akili.

Sasa tuseme umekutana na kondoo walioitwa "silly" katika shairi la karne ya 16. Bosworth peke yake angekufanya uandike kondoo wenye heri. Kamusi ya leo ingekufanya uandike kondoo wapumbavu. Johnson, kwa kuwa nukuu zake zinatoka karibu na miaka hiyo, anakuweka katikati palipo sahihi: kondoo wanyonge, wasio na hatia. Hiyo ndiyo sababu nasema tarehe ya andiko huja kwanza. Kamusi zote nne zimesema kweli, lakini moja tu ndiyo iliyoulizwa swali lake.

Maneno mengine hayahitaji safari ndefu hivyo. "Meat" lilikuwa chakula cha aina yoyote, ndiyo maana katika Mwanzo 1:29 ya King James mimea inatolewa "for meat", na Biblia ya Kiswahili inasema chakula. "Deer" lilikuwa mnyama yeyote wa porini, hata panya, kama Shakespeare anavyolitumia katika King Lear. "Corn" lilikuwa na bado huko Uingereza ni nafaka kwa jumla. Anayeweka mahindi katika ghala za Farao amesahau kwamba mahindi yalitoka bara la Amerika na hayakujulikana Misri hadi baada ya safari za Columbus. "Quick" lilikuwa aliye hai, na waumini wanaokiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu "wazima na wafu" wanalitumia neno letu "mzima" kwa maana ambayo "quick" imeipoteza.

Gharama na upatikanaji

Kamusi za Johnson, matoleo ya 1755 na 1773, zimewekwa kwenye tovuti iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Central Florida na zinatafutika bila malipo. Webster wa 1828, Michigan, na Bosworth na Toller ni bure pia. Oxford ya intaneti inadai ada ya mwaka, na kwa mtu binafsi anayelipwa kwa shilingi ada hiyo ni mzigo. Uliza kwanza maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, kwa kuwa baadhi ya vyuo hulipia huduma hiyo kwa niaba ya wanafunzi na wahadhiri wao. Chapa ya mwaka 1989, yenye juzuu 20, haibebeki wala hainunuliki kwa wengi wetu. Ipo chapa ndogo ya mwaka 1971 ambayo iliwekwa kurasa nne katika ukurasa mmoja na kuuzwa pamoja na kioo cha kukuzia maandishi. Anayeipata kwa wauza vitabu vya mitumba asiiache, maana ina matini yote ya chapa ya kwanza na haihitaji umeme wala bando.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Juzuu za Oxford za miaka ya 1884 hadi 1928 zimepigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba ya Internet Archive, ambako husomwa bure. Ukizitafuta kwa jina la Oxford huenda usizipate, kwa sababu zilipochapishwa ziliitwa A New English Dictionary on Historical Principles. Kwa neno la Shakespeare au la King James, chapa hiyo ya kwanza inatosha katika hali nyingi, kwa kuwa maneno ya karne ya 16 na 17 ndiyo yaliyosomwa kwa bidii zaidi na watu wa Murray.

Nyingine, kwa ufupi, na moja isiyo ya kupita haraka

Jedwali la Robert Cawdrey la mwaka 1604 linawavutia watu kwa sababu lilitoka Shakespeare akiwa hai. Lina maneno kama 2,500 tu, nayo ni maneno magumu yaliyotoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Maneno mepesi yenye kutega hayamo. Kamusi ya etimolojia ya Skeat, ya miaka ya 1879 hadi 1882, inafaa kwa asili ya neno lakini si kwa historia ya matumizi yake.

Ile nisiyotaka ipitwe ni Hobson-Jobson ya Henry Yule na A. C. Burnell, iliyotoka mwaka 1886, ambayo inakusanya maneno yaliyoingia katika Kiingereza cha Waingereza wa India. Kwa mtafiti wa pwani yetu ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Utawala wa Waingereza huku ulitumia taratibu na sheria nyingi za India, na sarafu ya rupia ilitumika Kenya hadi mwaka 1920, hivyo nyaraka za forodha na biashara za Zanzibar na Mombasa zimejaa maneno ambayo Johnson hakuyajua. "Godown" ni ghala, na mjini Nairobi na Mombasa neno hilo lingali kwenye mabango. "Shroff" ni mbadili fedha. "Lakh" ndiyo "laki" yetu. Anayefasiri barua ya wakala wa meli ya mwaka 1890 ataokolewa na kitabu hiki mapema kuliko na Oxford.

Wafasiri wa sheria ndio ninaowafikiria zaidi kwa sasa, kwa kuwa tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maandishi mengi ya Kiingereza cha zamani yanapita mikononi mwao. Kwao nawashauri utaratibu ulio tofauti. Neno kama "malice" katika Johnson, na katika Oxford pia, litakupeleka kwenye chuki na nia ya kudhuru. Lakini "malice aforethought" katika Kanuni ya Adhabu si chuki: kifungu cha 200 kinaorodhesha hali zinazoithibitisha, na muuaji aliyekusudia kumuua mtu asiyemchukia hata kidogo anaingia ndani yake. Hapa fasili iliyo katika sheria yenyewe hufunguliwa kwanza, kamusi ya sheria kama ya Black, ambayo toleo lake la kwanza ni la 1891, hufunguliwa ya pili, na Oxford hubaki ya tatu, kwa ajili ya maneno yanayozunguka istilahi na ambayo bunge halikuona haja ya kuyafasili.